Maji yanajaaje mahali hakuna maji? Barua zenu kuhusu Neutron Star

Haya jamani. Toleo lililopita niligusia kidogo tu kitabu cha Neutron Star cha Larry Niven, yule Mmarekani, hadithi nane zimekusanywa pamoja mwaka 1968, nikasema kama unapenda sayansi bunilizi ile ngumu, yenye mahesabu ndani, kitafute. Nikajua zitakuja barua mbili tatu. Zimejaa! Nimechagua nne na nimezipunguza, maana kuna mtu kaandika kurasa kama anaandika wosia. Onyo kabla hatujaanza: humu tunamwaga siri zote, mwisho wa kila hadithi utaujua, kwa hiyo kama hujasoma na hutaki kuharibiwa utamu ruka ukurasa huu nenda kwenye mapishi.

BARUA YA KWANZA, kutoka Mwanza

Kaka Mhariri pole na majukumu. Kile kitabu nilikipata kwa wale jamaa wa vitabu vya mitumba wanaotandika turubai chini, jalada la nyuma halipo na kuna mtu aliwahi kupigia hesabu za mkopo kwenye kurasa za katikati, ila hadithi zote zipo. Nimeanza na ya kwanza, ile yenyewe ya Neutron Star, aisee imenishika. Kuna rubani kafulia, kampuni aliyokuwa anarushia imekufa, madeni mpaka shingoni, anaitwa Beowulf Shaeffer, mrefu balaa na ana ualbino (nilipenda kwamba hakuna anayemshangaa wala hadithi haigeuzi hilo kuwa kioja, ni mtu tu na shida zake). Basi anafuatwa na kiumbe wa sayari nyingine mwenye vichwa viwili na miguu mitatu, hao ndo wenye kampuni inayotengeneza mabodi ya vyombo vya angani, na sifa ya hayo mabodi ni kwamba hayatoboki, hayapindi, hayayeyuki, kinachopita ni mwanga tu. Sasa mtu na mkewe, watafiti, walipita karibu na nyota ya nyutroni ndani ya chombo chenye hilo bodi. Bodi limerudi zima, halina hata mkwaruzo, wao wamepondekapondeka kule kwenye pua ya chombo hawatazamiki. Kampuni ina wasiwasi, nini hicho kimepenya bodi letu, wanamtuma Shaeffer apite njia ileile akaone. Na yeye alikuwa na mpango wa kutoroka na chombo, kumbe serikali imeshamtegea bomu ndani, hana ujanja.

Nikasoma mpaka usiku nikitaka kujua muuaji ni nani. Halafu jibu linakuja: ni kujaa na kupwa kwa maji!!! Kaka hapo niliachwa kwenye mataa. Mimi mtu wa ziwa, maji yetu yapo palepale asubuhi na jioni. Kwanza angani hakuna maji, yanajaa wapi? Pili, yule rubani anaelea, hana uzito, kila kitu ndani ya chombo kinaanguka kwa pamoja na yeye, sasa kinachomvuta ni nini, na kikimvuta si kinavuta na chombo chake wote waende pamoja? Naomba nieleweshe taratibu, form four nilipata D ya fizikia.

JIBU

D yako haijakuzuia kuuliza swali zuri. Tuanze na hilo la pili, ukilielewa la kwanza linajijibu lenyewe.

Ni kweli chombo kikizima injini na kuanza kuanguka kuelekea kwenye nyota, kila kilichomo kinaanguka nacho, ndo maana mtu anaelea. Ila hiyo "pamoja" ina kasoro ndogo. Chukua spana tatu ziache zinaelea, moja huku mbele kwenye pua, moja katikati kabisa, moja kule nyuma mkiani. Ya mbele iko karibu zaidi na nyota kwa hiyo inavutwa kidogo zaidi, ya nyuma iko mbali zaidi inavutwa kidogo pungufu, na chombo chenyewe kizima kinakwenda kwa mwendo wa ile ya katikati. Ukizitazama utaona ya katikati imetulia, ya mbele inajongea taratibu kwenda puani kama kuna mtu anaiita, na ya nyuma inajongea kwenda mkiani. Hakuna aliyezisukuma, hiyo ni tofauti tu ya mvuto kati ya karibu na mbali.

Baharini ni mambo hayohayo, spana ndo maji. Mwezi unavuta maji ya upande ulioelekea kwake zaidi ya unavyoivuta dunia yenyewe, na ya upande wa nyuma unayavuta pungufu, kwa hiyo maji yanavimba pande zote mbili, na kwa vile dunia inazunguka pwani yetu inapita kwenye uvimbe mara mbili kwa siku, ndo hayo maji kujaa mara mbili. Na ujue nguvu yenyewe ni kiduchu, kama sehemu moja ya milioni kumi ya uzito wako. Ila bahari ni pana mno, maji yanakuja kutoka mbali kwa ubavu, mpaka Zanzibar wakati wa bamvua, yaani zile siku za maji makubwa, unaona tofauti ya mita 3 hadi 4 kati ya maji kujaa na kupwa. Ziwa lako tunaliona kubwa lakini kwa mwezi ni dogo, linavutwa karibu sawasawa kila kona, huwezi kuona kitu kwa macho. Kwa hiyo usijisikie vibaya, hata wale wa vichwa viwili mwenye kampuni yao alikuwa hajui, tutarudi kwake kwenye barua ya mwisho.

Sasa nyota ya nyutroni. Nyota kubwa ikiishiwa na kulipuka, kiini chake kinaporomoka, unabaki na mzigo wenye uzito kama wa jua letu moja na nusu hivi umebanwa kwenye mpira wa kilomita ishirini na kitu tu kutoka upande hadi upande, yaani unaingia ndani ya Dar na bado mji unabaki. Utasema jua nalo ni zito mbona haliponde mtu? Kwa sababu jua huwezi kulisogelea. Kutoka katikati yake mpaka usoni ni kama kilomita 700,000, ukifika hapo umeshaungua. Nyota ya nyutroni unaweza kufika kilomita mia, kilomita hamsini kutoka katikati yake na bado uko nje. Na hii nguvu ya tofauti ina tabia mbaya: ukipunguza umbali kwa nusu, yenyewe inaongezeka mara nane.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu, nimechukua nyota yenye uzito wa majua 1.4 na mtu wa urefu wa mita 1.8, miguu inaelekea kwenye nyota. Akiwa kilomita 1,000 kutoka katikati ya nyota, miguu yake inavutwa mbele kwa nguvu kama mara 34 ya uzito wake wa kawaida, na kichwa kinavutwa nyuma hivyohivyo. Hapo kifo kiko mlangoni tayari. Kilomita 500, ni zaidi ya mara 270. Kilomita 100, mara 34,000. Umeona inavyopanda? Bodi halijapenyezwa na chochote, liko sawasawa kama lilivyotoka kiwandani, waliokuwa mbele wameangukia pua ya chombo kwa uzito ambao mfupa hauwezi kuubeba. Hapo ndo hadithi iliponiua mimi: wote wanatafuta kitu kilichoingia kutoka nje, kumbe hakuna kilichoingia.

Shaeffer anapona kwa sababu anagutuka njiani, anajiburuta mpaka kwenye kijinjia cha mafundi kilicho katikati kabisa ya chombo, kwenye nafasi ya ile spana iliyotulia, anajikunja humo anang'ang'ania. Msomaji makini atashika kalamu tena, na akishika kalamu Shaeffer amekufa. Maana huyo bwana anapita jirani kabisa na uso wa nyota, na kwa umbali wa kilomita 20 hivi kutoka katikati ya nyota hata ukijikunja vipi, nusu mita tu kutoka kwenye ile nukta iliyotulia inakupa nguvu ya mara milioni 2 na zaidi. Na Wamarekani hawakumwacha Niven salama, miaka iliyofuata akawa anakutana na watu waliofanya hesabu wakampata na kosa jingine ambalo mimi nisingeliwaza, kwamba ile nguvu ingekizungusha chombo na kingetoka upande wa pili bado kinazunguka. Akakubali mwenyewe kwa maandishi, kwamba kwa kweli Shaeffer haponi. Hadithi ilishapata tuzo ya Hugo, ile kubwa ya sayansi bunilizi, mwaka 1967, na hakuna aliyekwenda kuidai irudishwe.

Halafu kitu kidogo cha pembeni, chombo cha wale mtu na mkewe kinaitwa Hal Clement, jina la mwandishi mwingine wa hadithi hizihizi za mahesabu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kufundisha sayansi sekondari. Utani wa wenyewe kwa wenyewe huo.

BARUA YA PILI, kutoka Mombasa

Sasa Mhariri. Mimi nasomea fizikia chuo hapa Mombasa, mwaka wa pili. Uliandika kwamba sayansi bunilizi ngumu ni ile inayofuata sayansi ya kweli, nikakiazima kitabu kwa rafiki, na ukweli nimeboeka nusu na nimefurahi nusu. Kwanza vyombo vyote vinakwenda kwa kasi kupita mwanga. Hiyo haiwezekani na kila mtu anajua! Pili ile hadithi ya At the Core, Shaeffer anapewa chombo kipya chenye kasi ya ajabu anakwenda mpaka katikati ya galaksi yetu, anakuta nyota za huko zimelipuka zote mfululizo moja inawasha nyingine, na miali yake itafika kwetu baada ya miaka 20,000. Wale wa vichwa viwili kusikia hivyo tu wakafunga biashara siku hiyohiyo wakakimbia, soko la hisa likaporomoka, nilicheka sana hapo. Lakini sayansi yenyewe ni uongo, katikati ya galaksi si hivyo. Sasa mbona mnaiita ngumu? Mi naona ni hadithi za Abunuwasi zimevalishwa koti la maabara, samahani kama nimekukwaza.

JIBU

Hujanikwaza dadangu, Abunuwasi mwenyewe alikuwa mtu wa hoja, na Shaeffer ana kaujanja kake kama yule.

Kwenye kasi ya kupita mwanga sina cha kukubishia. Niven anaomba mkopo huo mmoja mwanzoni kwa sababu bila hivyo hakuna kwenda popote, nyota ya jirani tu ni zaidi ya miaka minne ya mwanga, yaani hata mwanga wenyewe unasafiri zaidi ya miaka minne kufika. Mimi namkopesha. Ninachokiangalia ni akishapewa anafanyaje, je mambo mengine anayaacha yafuate sheria au kila akikwama anachomoa muujiza mfukoni? Kwenye hadithi ya nyota hakuchomoa. Jibu la fumbo lilikuwa limekaa wazi tangu ukurasa wa kwanza, wewe mwanafunzi wa fizikia ungeweza kulipata kabla ya Shaeffer, na nina hakika ulilipata ukawa unamzomea.

Hiyo At the Core, ndiyo, imezeeka. Ilitoka 1966, na miaka ile wanaastronomia waliona galaksi nyingine zinatema vitu kutoka katikati kwa fujo, wapo waliodhani ni milipuko ya nyota zilizosongamana. Niven akachukua wazo lililokuwepo mezani akauliza je kama na kwetu imeshatokea, ila mwanga haujatufikia? Leo tunajua pale katikati, miaka 26,000 ya mwanga kutoka hapa, kuna shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkali mpaka hata mwanga hautoki, lenye uzito wa kama majua milioni 4, Reinhard Genzel na Andrea Ghez wakapata Nobel mwaka 2020 kwa kufuatilia miaka na miaka jinsi nyota zinavyolizunguka, na Mei 2022 tukaonyeshwa picha yake, kile kiduara cha rangi ya machungwa. Hiyo sayansi haikuwepo 1966. Mwandishi wa namna hii anajenga juu ya mchanga anaujua kabisa kwamba ni mchanga. Hadithi yake ya kwanza kabisa kuchapishwa, The Coldest Place, ambayo haimo kwenye kitabu hiki, ilitegemea kwamba sayari ya Zebaki inalionyesha jua uso mmoja tu milele, upande wa pili ni giza na baridi. Ilitoka mwishoni mwa 1964. Mwaka 1965 rada ikaonyesha Zebaki inajizungusha kila siku 59! Hata mwaka haukupita. Cheka lakini ndo kazi yenyewe ilivyo.

Sasa geuza upande wa pili. Wakati anaandika Neutron Star, hakuna binadamu aliyekuwa na uhakika kwamba nyota za nyutroni zipo. Nyutroni yenyewe, ile chembe ndogo ya ndani ya atomu, imegunduliwa 1932, wanaastronomia Baade na Zwicky wakatabiri nyota ya namna hiyo mwaka 1934, halafu zaidi ya miaka 30 ikabaki karatasini. Hadithi imetoka Oktoba 1966. Mwaka uliofuata, 1967, Jocelyn Bell, mwanafunzi kama wewe, yuko Cambridge anasoma makaratasi marefu ya mashine ya kupokea mawimbi ya redio, anaona alama inayojirudia kila sekunde moja na kidogo, ikaja kutangazwa Februari 1968, na ikabidi watu wakubali kwamba ni nyota ya nyutroni inazunguka. Kwa hiyo kitabu kilichopewa jina la kitu cha kubuni kimefika madukani mwaka uleule kitu hicho kinathibitishwa. Hapo nani kamvalisha nani koti?

Na kwa vile wewe uko Mombasa nikupe hii bure. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini nje kidogo ya Malindi, ambalo lilikuwa la Waitaliano, iliruka roketi ya Marekani na setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutazama miali ya eksirei kutoka angani. Wakaipa jina Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe na wenyeji. Ilirushwa huku kwa sababu karibu na ikweta roketi ndogo inapata msukumo wa bure wa mzunguko wa dunia, na ni rahisi kuiweka setilaiti kwenye njia inayofuata ikweta. Hiyo Uhuru ndo iliikuta Centaurus X-3, kitu cha angani kinachotoa eksirei, inapwita kila sekunde 4.8, ikaonekana ni nyota ya nyutroni inayozungukana na mwenzake mkubwa na kumnyonya gesi, na gesi hiyo ikianguka inapata joto kali mpaka inatoa eksirei. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobel mwaka 2002. Yaani ushahidi mwingine wa kile Niven alichokibahatisha ulipitia barabara ya kwenu ya kwenda Malindi. Nikiona watu wanapiga picha ufukweni kule bila kujua natamani niwashike shati.

BARUA YA TATU, kutoka Dodoma

Mkuu, mi sina muda, niambie zipi nisome zipi niruke. Na mke wangu amesoma mbili ameuliza wanawake wa dunia hiyo wameenda wapi.

JIBU

Mwambie shemeji yangu ameona vizuri. Wapo wachache, na wengi wao wamewekwa tu wawe na wasiwasi kwa ajili ya mume, hata yule mtafiti mwanamke aliyekufa kwenye hadithi ya kwanza tunamjua kwa jina na kwa alivyopondeka basi. Ni wanaume wa Marekani wa miaka ya 60 wanaongea na mashine. Usitarajie pia watu wenye undani sana, Shaeffer ana roho kwa sababu ana madeni na anaogopa, wengine kina fulani tu wa kubeba wazo.

Soma ya kwanza, soma At the Core pamoja na uzee wake, halafu soma Flatlander, hiyo hata ukikosa zingine zote. Ina tajiri anaitwa Elephant, anataka aende mahali pa ajabu ambapo hajafika mtu ili awe na jina. Kuna wafanyabiashara wa angani wanaouza habari, anawalipa wamwelekeze, wanamwambia tukuambie na kilicho cha ajabu huko ni nini? bei yake kando. Tajiri kwa kiburi anasema aah, nitajionea mwenyewe. Wanakwenda na chombo chenye lile bodi lisilovunjika. Na bodi linatoweka! Linageuka vumbi wao wamo ndani na nguo za angani. Kumbe nyota na sayari yake yote ni antimata, yaani mata iliyo kinyume cha yetu, zikigusana zinafutana zote mbili zinabaki nishati, na ile hewa nyembamba inayopeperuka kutoka kwenye nyota imekuwa ikilila bodi chembe kwa chembe muda wote wanakaribia. Na utamu wa kisayansi uko hapa: kwa kutazama tu kwa mbali usingejua, kwa sababu mwanga wa nyota ya antimata ni mwanga uleule, hauna kinyume chake, nyota inang'aa kama zingine. Wangelipa ile nyongeza wasingeteseka. Nimewahi kuwaona watu wa hivyo kwenye kununua viwanja.

A Relic of the Empire ni nyepesi na ina miti inayoota fueli ya roketi shinani, isome kwenye basi. The Soft Weapon ni ndefu lakini ina mwendo. The Ethics of Madness ilinichosha, ina mtu anaugua akili kwa sababu mashine ya kumtibu imeishiwa dawa na haikumwambia, wazo zuri sana hilo ila linavutwa mno kama uji wa kuongeza maji. Mbili za mwisho kama una muda.

BARUA YA NNE, kutoka Jambiani, Unguja

Marahaba mwanangu, maana najua ungeniamkia. Mie nalima mwani miaka mingi, hicho kitabu cha Kizungu sikukisoma mie, kanisimulia mjukuu wangu aloko chuo, tumekaa barazani kanisimulia yote kwa Kiswahili mpaka mwisho. Hadithi nzuri. Lakini hapo mwisho pana kitu hakikunikaa. Kanambia yule rubani aliporudi akamwambia yule wa vichwa viwili: kumbe nyie kwenu hamna mwezi, mngekuwa nao mngejua maji kujaa na kupwa na msingenituma kufa. Yule kiumbe akatahayari akampa pesa nyingi anyamaze, hawataki mtu ajue kwao ni wapi. Mjukuu wangu kaona huo ujanja mkubwa.

Mie nikamwambia hapana. Sie twashuka pwani kwenye mwani wakati wa bamvua, ndo maji yanatoka mbali unafika kwenye vigingi vyako kwa miguu, unafunga, unavuna, unawahi kurudi. Na bamvua inakuja mwezi mwandamo na inakuja tena mwezi mpevu. Ingekuwa ni mwezi peke yake una nguvu, kwa nini mwandamo na mpevu maji yawe makubwa, na zile siku za katikati mwezi ukiwa nusu yawe maji mafu hayendi mbali? Si mwezi uleule? Nikamwambia pana mwengine anausaidia, nae ni jua. Sasa hao watu hata kama hawana mwezi, jua hawana? Muulize huyo muandishi wako.

JIBU

Shikamoo bibi. Nimeisoma barua yako nikaenda kumsomea mwenzangu wa meza ya jirani kwa sauti.

Ni jua hasa. Nguvu yake ya kujaza maji ni karibu nusu ya ile ya mwezi, kwa sababu pamoja na uzito wake wote liko mbali, na tulishaona umbali unavyoadhibu hii nguvu. Mwandamo na mpevu, jua, dunia na mwezi vinakaa mstari mmoja nguvu zinajumlishana, mnapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kwa ubavu, linaupunguzia mwezi kazi, mnapata maji mafu. Dunia yetu ingenyang'anywa mwezi leo, maji yangeendelea kujaa na kupwa, madogo tu, na tena yangefuata saa ya jua, yangejaa adhuhuri na usiku wa manane kila siku bila kubadilika saa, au yakichelewa yangechelewa kwa kiasi kilekile daima. Mngelima mwani kwa saa ya ukutani. Mvuvi wa sayari isiyo na mwezi lakini yenye bahari na jua angelijua jambo hili vizuri, na mtoto wake vilevile.

Kwa hiyo hoja ya Shaeffer haitoshi, na wale viumbe wenye viwanda na vyombo vya kuvuka nyota hawana kisingizio. Nilijaribu kumtetea Niven. Miaka miwili baada ya mkusanyiko huu, 1970, alitoa riwaya ya Ringworld, na humo tunaambiwa hao jamaa zamani sana waliiondoa sayari yao karibu na jua lao. Nikasema ahaa, bila jua karibu, bila mwezi, hapo kweli wanaweza kusahau! Nikataka kukuandikia hivyo. Halafu nikaendelea kusoma, kumbe sayari yao haisafiri peke yake, ziko tano zinazungukana kwa pamoja, na sayari nzima ikikaa jirani na nyingine inavuta maji kama mwezi unavyovuta, tena hapo ziko nne za kuvuta. Labda ziwe zimekaa mbali sana, ila hata mwezi wetu uko kilomita 384,000 na unafika kwenye vigingi vyako kila siku.

Mwambie mjukuu akusimulie na hiyo Ringworld, ukipata njia ya kuwaokoa niandikie.